Simu ya Boma la Mahenge

Watu walisongamana kwenye pantoni ya Kivukoni hata maji ya Mto Kilombero yakawa yanalamba mbao za pembeni. Kulikuwa na lori lililojaa mizigo, mbuzi, matenga ya kuku, masista wa misheni na miavuli yao myeusi, na akina mama waliovaa nguo za Jumapili ingawa ilikuwa Jumatatu. Karibu wote walikuwa wanapanda Mahenge. Serikali ilikuwa imefungua milango ya boma la zamani la Wajerumani na kupanga maonyesho ndani yake kwa wiki mbili. Mpunga wa mwaka ule wa 1957 ulikuwa umeshaingia ghalani, na hakuna aliyetaka kuja kusimuliwa.

Aurelia alisimama karibu na gurudumu la lori, viatu vyake vyeupe mkononi ili visishike vumbi kabla ya kufika. Gauni lake la maua ya bluu lilikuwa jipya, lenye mikono iliyotuna mabegani, na kichwani alifunga kilemba cha hariri cha kuazima. Kwao ni Mofu, lakini alikaa Ifakara, mtaa wa Lipangalala, kwa shangazi yake Theodosia aliyekuwa mshona nguo. Alikuwa msichana mwenye haya. Mtu akimsalimia njiani, alijibu akitazama kidole gumba cha mguu wake mwenyewe.

Pantoni ilitikisika. Kilemba kikavutwa kwa nyuma.

"Usigeuke, dada," sauti ya mwanamume ilisema. "Ukigeuka utachana. Ngoja nikinasue."

Kijana alikuwa amebeba bunda la waya begani, na ncha moja ilikuwa imeingia kwenye hariri kama ndoana. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu mpaka magotini. Vidole vyake vilifanya kazi polepole, naye Aurelia akasimama kimya, masikio yakimwaka moto.

"Waya wako hauna adabu," alisema Shangazi Theodosia.

"Shikamoo, mama. Kweli hauna. Umezaliwa Dar es Salaam."

"Marahaba. Na wewe umezaliwa wapi?"

"Mahenge. Mimi adabu ninayo."

"Wapogoro wote husema hivyo mpaka ubwabwa uletwe."

Watu wa karibu wakacheka. Kijana naye alicheka, akasema jina lake ni Tadei, fundi wa simu, na kwamba waya ule ulikuwa unakwenda kufungwa bomani ili watu waione simu. Alimtazama Aurelia alipokuwa akisema hayo. Aurelia alikitazama kidole chake.

*

Boma lilikuwa juu ya kilima, kuta zake za mawe nene kuliko urefu wa mkono, zenye matundu membamba ya kutolea bunduki. Baba yake Aurelia, Mzee Dionisi, alikuwa ametangulia huko siku mbili kabla, maana serikali ilimwomba alete mtumbwi wake na migono, yale madema ya matete ambayo watu wa Mofu hutegea samaki. Alikubali, lakini usiku wa kuamkia safari hakulala. Baba yake yeye alifungwa humo baada ya Vita vya Maji Maji, na Mzee Dionisi alikua akisikia jina la boma lile likitajwa kwa sauti ya chini.

Aurelia alimkuta ameketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha uvuvi, koti jeusi mwilini, akiwaeleza watu.

"Kambale anaingia hapa akidhani ni njia. Akiisha ingia, anakuta njia imefika mwisho."

"Na kutoka?" aliuliza mzungu mmoja.

"Kutoka ni kazi yangu mimi," alijibu Mzee Dionisi, na watu wakacheka. Alipomwona binti yake alimnong'oneza, "Mlango hawaufungi. Tangu nije nautazama. Hawaufungi kabisa." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

Basi Aurelia akabaki kumsaidia. Mchana alizunguka na shangazi yake vyumba vingine. Waliona mikuki na ngao, kofia ya chuma ya askari wa Kijerumani, fuvu la kiboko lenye meno kama vipini vya majembe, na mitungi ya wanawake wa bondeni iliyopangwa juu ya kitambaa cheupe kana kwamba ni vitu vya altare. Theodosia aliiangalia mitungi sana.

"Huu ninao kama huu jikoni," alisema. "Una ufa. Sikujua unastahili heshima hivi."

Vyumba havikutosha, kwa hiyo simu moja iliwekwa katika kona ya chumba cha uvuvi, na nyingine ng'ambo ya ua, katika chumba cha juu. Tadei alikaa juu. Watu walipanga foleni. Bibi mmoja kutoka Malinyi alipaza sauti mpaka masista wakatoka nje kuona kuna nini. Mtu mwingine aliushika mkonga wa simu, akausikiliza, kisha akazunguka nyuma ya kisanduku kumtafuta aliyekuwa anaongea.

Saa ya chakula wageni walitawanyika, na Mzee Dionisi akaenda kunyoosha miguu. Kengele ya simu ikalia. Aurelia aliitazama. Ikalia tena. Akaunyanyua mkonga kwa mikono miwili, akauweka sikioni, asiseme kitu.

"Nasikia mtu anapumua," ilisema sauti ya Tadei. "Kama ni mbuzi, samahani. Kama ni dada wa kilemba, akohoe."

Aurelia alikohoa.

"Aa. Kilemba kimepona?"

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na macho ya mtu yeyote. Palikuwa na migono tu, na mtumbwi, na mwanga mwembamba wa jua katika tundu la bunduki.

"Kimepona," alisema. "Ila kimebaki na tundu."

"Kubwa?"

"La kupita kambale."

Alimsikia akicheka, kicheko kirefu cha kweli, akashangaa kwamba ni yeye aliyekileta.

Tangu hapo, kwa zaidi ya wiki moja, kila saa ya chakula kengele ililia. Mwanzoni Aurelia alinyamaza, akimwacha Tadei abahatishe kama ni yeye au si yeye, na huo ukawa mchezo wao. Kisha maneno yalimtoka kama maji kwenye mtungi ulioinamishwa. Alimwambia habari za Mofu wakati wa mafuriko, watu wanapokwenda kusali kwa mitumbwi. Alimwambia aliacha shule darasa la tatu, mama yake alipokufa, na kwamba bado akiona ubao husimama kuusoma.

"Mimi nilimaliza la nane, na ubao naukimbia," alisema Tadei. "Tuoane, tutakuwa na akili ya mtu mmoja."

"Usinitanie."

"Nakutania nusu, mpenzi."

"Na nusu nyingine?"

"Hiyo siitoi bure."

Lakini walipokutana uani, Aurelia alipita ameinamisha kichwa, kanga imefunika mabega, kana kwamba hajawahi kumwona.

"Ninyi mko wawili," Tadei alilalamika kwenye simu. "Mmoja ananichekesha, mwingine ananikanyaga kama jani."

"Yule wa uani ana macho ya watu mgongoni."

"Huyu wa simu ndiye ninayemtaka."

"Basi umtake upesi," alisema Aurelia, na sauti yake ikabadilika. "Kuna watu wa Malinyi wanataka jibu. Baba amewaahidi Jumapili hii."

"Jibu la nini?"

"Langu."

Alimweleza. Leodegar wa Malinyi alikuwa na mashamba mapana ya mpunga, alifiwa na mke, na hakuwa mtu mbaya. Ila kila alipofika kwao alimwita Aurelia "mtoto" na kumtuma moto wa kiko. Mshenga wake alikwisha kuja. Mzee Dionisi hakuwakatalia wala kuwakubalia. Asipotokea mwingine wa kubisha hodi, hana sababu ya kusema hapana.

"Kesho," alisema Tadei, "wakienda kula nitapiga. Nina neno. Usijibu mpaka nimalize, maana ukicheka nitasahau lilipoanzia."

*

Kesho yake, saa ya chakula, masista walimwita Aurelia awasaidie kugawa chai. Alikataa kwa kichwa, wakamvuta kwa mkono. Chumbani akabaki Mzee Dionisi peke yake, akishona mdomo wa mgono uliofunguka.

Kengele ikalia.

Mzee alitazama mlangoni. Hakuna mtu. Ikalia tena na tena, kama mtoto anayelilia kubebwa. Mwishowe aliweka matete chini, akajifuta mikono kwenye koti, akaunyanyua mkonga kama alivyoona watu wakifanya. Akakaa kimya, kama mtu aliyeingia nyumba ya wengine kabla hajakaribishwa.

"Vizuri, umenyamaza kama nilivyokuomba," ilisema simu. "Sasa sikia, mpenzi wangu. Nataka kukuoa. Nimelisema. Sina mashamba kama huyo wa Malinyi. Nina mshahara mdogo na ngazi ya kupandia nguzo. Lakini nitakupenda na hutajuta. Na tena, habari ya baba yako. Kila siku nikipata nafasi nasimama nyuma ya watu namsikiliza akieleza migono yake. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Nikimtazama yule mzee huwa nasema moyoni, laiti angeniita mwanangu hata mara moja. Basi. Nimemaliza. Jibu."

Mzee Dionisi aliutoa mkonga sikioni, akautazama, akaurudisha mahali pake taratibu.

Kule juu, Tadei alisikia mlio mdogo wa chuma, kisha kimya. Akapiga tena. Hakuna aliyejibu.

Jioni ile Mzee Dionisi aliwaambia dada yake na binti yake wafunge mizigo. Kuna lori linashuka Ifakara alfajiri.

"Maonyesho bado siku mbili, baba," alisema Aurelia.

"Mimi nimeyamaliza."

Aurelia alitafuta nafasi ya kwenda chumba cha juu, lakini hakuna msichana wa kwao apandaye ngazi kumfuata mwanamume, tena baba yake akiwa uani. Alingoja kengele mpaka wageni wote wakaondoka bomani. Haikulia.

Asubuhi Tadei aliteremka mbio na kukuta mtumbwi na migono, na karani wa serikali akijikuna kichwa kwa sababu mwenye vitu ameondoka. Alimuuliza ameondoka kwa nini. Karani alisema hakuaga, alionekana mtu mwenye haraka. Tadei akapanda tena ngazi, akakaa kando ya simu yake, na kila mgeni aliyeijaribu siku hiyo alimwona fundi mnyonge.

*

Lipangalala, Mzee Dionisi alifanya jambo lililomshangaza dada yake. Hakuvuka kwenda Mofu. Kila asubuhi alioga, akavaa koti lake jeusi, akaketi barazani kwa Theodosia akiitazama barabara. Aliitwa pombeni hakwenda. Aliitwa msibani akatuma salamu.

"Kaka, na shamba?" aliuliza Theodosia.

"Shamba lipo."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Niache nikae."

Aurelia alikaa ndani akishona vifungo. Hakulia mbele ya watu, lakini Theodosia aliona shati la mteja limelowa begani. Alijua habari za simu, maana msichana anayerudi kila siku na uso unaong'aa hawezi kumficha shangazi.

"Alisema ana neno," Aurelia alimwambia. "Kumbe alinichezea. Aliwaza usiku, akaona Mndamba wa Mofu aliyeishia darasa la tatu si kitu."

"Labda."

"Unasema labda?"

"Nasema labda kwa sababu sikuwapo. Kesho kutwa ni Jumapili. Kula kwanza."

Siku iliyofuata, Jumamosi, Theodosia alikwenda sokoni kununua uzi. Karibu na duka la nguo alisimama ghafla. Juu ya nguzo ya simu kulikuwa na mtu amejifunga mkanda kiunoni, amevaa soksi ndefu alizozijua.

"Wewe wa juu," aliita. "Shuka."

Tadei alitazama chini. "Shikamoo, mama. Maonyesho yamekwisha, nimerudishwa huku kazini."

"Marahaba. Kazi haina miguu, haitakimbia. Shuka nikuone usoni, nijue kama ni uso wa mtu anayewachezea watoto wa wenzake."

Alishuka. Alikuwa amekonda mashavu.

"Mama, mimi ndiye niliyechezewa," alisema. "Nilimwambia nataka kumwoa. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikatia bila hata neno moja. Asubuhi amekwenda."

"Lini hiyo?"

"Jumatano. Saa ya chakula."

Theodosia alikunja uso. "Jumatano saa ya chakula Aurelia alikuwa anagawa chai kwa masista. Nilikuwa naye. Nilishika birika mimi mwenyewe."

"Haiwezekani. Alikuwepo. Nilimsikia anapumua."

"Alipumua vipi?"

Tadei alifikiri. "Kwa nguvu kidogo. Kama ana mafua."

Wakatazamana. Theodosia aliweka kapu chini, akashika nguzo ya simu kwa mkono mmoja, mabega yakaanza kumtikisika.

"Mama, usicheke. Nani alikuwa chumbani?"

"Kaka yangu."

"Mzee Dionisi?"

"Ulimwitaje, mwanangu? Nambie. Ulimwita nani?"

Tadei alijifunika uso kwa mikono miwili. "Nilimwita mpenzi wangu."

Theodosia alicheka mpaka muuza chumvi akamletea kiti. Lakini Tadei hakucheka. Mposaji hasemi na mkwe kwa kinywa chake. Hutuma mshenga, mtu mzima, mwenye maneno ya kuzunguka. Yeye alikuwa amemposa binti wa watu mbele ya baba yake, peke yake, bila hodi, na kwa jina la mapenzi.

"Ndiyo maana wameondoka," alisema. "Nimemtukana. Yote yamekwisha."

"Hayajaisha mpaka aseme yamekwisha. Una mtu mzima hapa Ifakara?"

"Mjomba wangu Fridolin, seremala wa misheni."

"Anajua kuongea?"

"Hajui kunyamaza."

"Mlete leo hii. Na wewe mwenyewe usiingie uani. Ukae barabarani kama mtu anayejua sheria."

*

Jua lilikuwa limeanza kulegea Fridolin alipofika, mwanamume mfupi mwenye maranda ya mbao kwenye nywele.

"Hodi. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," alijibu Mzee Dionisi, akainuka barazani haraka kuliko umri wake. "Karibu. Karibu ndani. Theodosia, kiti."

Aurelia alikuwa nyuma ya pazia la chumba. Shangazi yake alikwisha kumweleza yote, na moyo wake ulikuwa unapiga kama mashine ya kushonea.

Fridolin alianza mbali. Alisifu mvua, akasifu mpunga, akasema amepita akiwa na kiu na amesikia nyumba hii ina mtungi. Kisha akakohoa, akafika kwenye shida.

"Mzee, nina mpwa wangu. Huyu mpwa wangu alikosea. Alisema mbele yako maneno ambayo hayakuwa yake kuyasema. Kabla sijaomba lingine, nimekuja kuomba radhi. Kama kuna faini, tutatoa jogoo, tutatoa mbuzi."

"Mbona umechelewa?" aliuliza Mzee Dionisi.

Fridolin alisita. "Nimechelewa?"

"Nimekaa hapa tangu Alhamisi. Nimevaa koti hili kwenye jua. Sijaonja pombe. Mazishi sikwenda. Nilijua mshenga atakuja, nikasema asinikose. Na kesho nina watu wa Malinyi wanangoja jibu. Nimekuwa nikitazama barabara mpaka macho yanauma."

Theodosia alikuwa wa kwanza kuupata mdomo wake.

"Kaka. Hukukasirika?"

"Nikasirike nini?"

"Ulimkatia kijana. Ukatutoa Mahenge mbio."

"Sasa ulitaka nifanyeje?" Mzee Dionisi aliwatazama kama watu wagumu kuelewa. "Baba hamjibu mposaji. Nilirudisha kile chuma, nikanyamaza kama inavyopasa. Kisha nikarudi nyumbani, maana posa hupokelewa nyumbani anakokaa binti. Ningempokea mshenga ndani ya boma, kwenye kuta alizofungiwa baba yangu? Nilidhani kila mtu anajua."

"Na yale aliyoyasema?" aliuliza Fridolin taratibu.

Mzee alivuta koti lake. "Aliniita jina fulani. Hilo nimelisamehe, tusilirudie." Akaitazama barabara tena. "Lakini mtu akikusifu mbele ya macho yako, mshuku. Yule kijana hakujua kama nipo. Alisema habari zangu, nami namsikia. Tangu mama yake Aurelia afe sijasemwa vizuri hivyo. Leodegar ana mashamba, sawa. Lakini hajawahi kuniuliza mgono unafanyaje kazi."

Nyuma ya pazia Aurelia aliketi chini sakafuni. Alitaka kucheka na kulia, akashindwa kuchagua.

"Basi muulize binti," alisema Fridolin.

Kwao msichana akiulizwa hivyo hunyamaza. Huinamisha kichwa, na wazee hupokea ukimya wake kuwa ndiyo. Theodosia alifungua pazia, Aurelia akatoka amejifunika kanga, akaketi mkekani, miguu ameinyoosha.

"Aurelia," alisema baba yake, "amekuja mtu. Tumpe maji, au tumwache aende na kiu yake?"

Aliinamisha kichwa. Kidole gumba kilikuwa pale pale. Wazee waliona kichwa kimeinama, na Fridolin akaanza kutabasamu, akijua kazi imekwisha.

Lakini Aurelia alikuwa amechoka na kimya. Siku tatu kimya kimoja kilikuwa kimemnyima usingizi yeye, na mwenzake, na kumweka hata baba yake kwenye jua. Akanyanyua uso, akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Mpeni maji," alisema. "Nataka kuolewa na Tadei."

Alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya ua. Barabarani kikasikika kishindo cha baiskeli iliyoangushwa, na mtu akiiomba radhi.

Mzee Dionisi alimtazama binti yake kwa muda, kama anayemwona akirudi kutoka mbali. Kisha akavua koti, mara ya kwanza kulivua mchana tangu Alhamisi, akalikunja juu ya magoti.

"Theodosia, nenda ukamwambie mwanangu aingie, ale," alisema. "Ila ya kuoa amwachie mjomba wake."